Sura ya Tano: Mangi, Nipimie ya Mia Tano

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa ya mafuta. Kaa kwenye benchi la duka lolote la Mangi, iwe Manzese, Tandika au Mbagala, utaviona vyombo vikiingia kimoja kimoja: kikombe cha plastiki kilichokatika mkono, chupa ya maji ya nusu lita, kifuniko cha chupa ya chai. Vyote vimefuata kitu kimoja, mafuta ya kula ya shilingi 500. Mangi (na kila muuza duka Dar es Salaam ni Mangi, hata kama kwao ni Singida na Uchagani hajawahi kufika) anazamisha kipimo kwenye ndoo, anakiinua, anakiacha kichuruzike kidogo huku macho ya mteja yakihesabu kila tone linalorudi ndani, ndipo anamimina.

"Mangi, hayo yaliyorudi ni ya nani?"

"Ya serikali, dada. Hiyo kodi."

"Haya, nipe risiti."

Benchi zima linacheka, chombo kinachofuata kinasogea.

Katika duka hilo hakuna kitu kizima. Mche wa sabuni umekatwa vipande, sukari imefungwa robo na nusu robo, sigara inauzwa moja moja, kitunguu kimoja, dawa ya mbu duara moja, mkaa kopo moja. Nje, mwenye genge amepanga nyanya zake kwa mafungu, nne nne, ile nzuri juu na ile iliyobonyea imefichwa chini kama mjomba mlevi kwenye picha ya harusi. Anayenunua anajua ipo, na muuzaji anajua kwamba anajua. Anaigeuza, anaiangalia, anaguna. "Hii nayo ni nyanya?" Jibu linakuja bila kusita: "Hiyo ni ya mchuzi, mama. Zile tatu ni za kuangalia."

Sasa tupige hesabu, maana sura hii ni ya hesabu pia. Tuseme lita moja ya mafuta inauzwa shilingi 6,000, na kipimo cha shilingi 500 kina mililita 70. Lita hiyo inatoa vipimo 14 na tone, yaani zaidi ya shilingi 7,000. Mwenye kikombe kilichokatika mkono analipa elfu nzima zaidi ya yule aliyeshuka na gari supamaketi na kubeba dumu. Fanya hivyo hivyo kwa sukari, kwa mkaa, kwa sabuni, utaona kwamba maskini ndiye anayenunua kwa bei ya juu kuliko wote mjini. Si jambo la Manzese peke yake. Mwaka 1963 mwanasosholojia wa Marekani, David Caplovitz, alitoa kitabu kuhusu familia za kipato cha chini za New York zilizokuwa zikinunua samani na runinga kwa malipo ya kidogo kidogo, na jina la kitabu lilimaliza maneno yote: The Poor Pay More, maskini hulipa zaidi.

Lakini mwambie yule mama kwamba angenunua lita nzima angeokoa pesa, atakuangalia kwa ile huruma wanayopewa watu waliosoma sana. Kwanza, hiyo 6,000 ya kushika kwa mkupuo inatoka wapi? Pesa ya nyumbani kwake inaingia kwa siku: mume akipata kibarua cha zege inaingia, mvua ikinyesha haiingii. Pili, na hili wachumi hawaliandiki, lita nzima ina wageni. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita, vitatu kushoto na vitatu kulia, korido katikati, choo na bafu uani, na hapo uani ndipo majiko yote yanapokutana. Chupa ya mafuta iliyojaa ikionekana hapo, vyumba vitano vitakumbuka kwa pamoja kwamba mafuta yamewaishia. "Mama Fulani, nidondoshee kidogo tu, nigeuzie kitunguu." Huwezi kukataa, maana kesho zamu ya kuomba ni yako. Ila mafuta ya kikombe hayaombwi, kila mtu anaona yenyewe hayatoshi. Kipimo cha 500 ni ulinzi. Ile shilingi elfu ya ziada ni mshahara wa mlinzi.

Serikali nayo ina kipimo chake. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na ukasema asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini ya hapo. Ukigawa kwa siku 30 unapata shilingi 1,644. Humo kuna chakula, nguo, nauli, sabuni na dawa. Nimewahi kuutaja mstari huo kwenye benchi la duka. Fundi mmoja aliyekuwa na rangi ya chokaa mpaka kwenye kope aliuliza: "Hiyo 1,644, wanaileta saa ngapi?"

Kwa watu wa vibarua, mlo wa mchana ndio wa kwanza kukatwa, na ukatwaji wake una jina la mpira. Anayekunywa chai ya rangi saa nne asubuhi kisha akakutana na ugali saa kumi na mbili jioni amepiga pasi ndefu. Mpira umetoka kwa beki ukaenda moja kwa moja kwa mshambuliaji, katikati ya uwanja watu wameuangalia ukipita juu ya vichwa vyao. Kwenye maeneo ya ujenzi utasikia mazungumzo haya yakiendeshwa kwa uzito wa wachambuzi wa redioni:

"Leo tunacheza mfumo gani?"

"Pasi ndefu."

"Si jana tulicheza hivyo hivyo?"

"Kocha hana viungo, kaka. Hata chumvi imeisha."

Mama ntilie anayajua yote haya. Anamjua anayekuja saa tisa badala ya saa saba, kwamba huyo anaunganisha mchana na usiku, na anamwekea ugali wa ukubwa unaostahili. Anamjua pia anayeagiza wali na mchuzi wa nyama, bila nyama. Bei inapungua, harufu inabaki. Mteja mmoja wa namna hiyo alikoroga mchuzi wake kwa kijiko mara mbili, tatu, akaita: "Mama, hii nyama imepita humu kweli?" Mama hakugeuka hata kichwa. "Imepita, baba. Imeoga, imeondoka." Yule bwana akala akacheka, na nadhani alipewa ukoko juu.

Naomba tukae kidogo kwenye umeme, kwa sababu pale ndipo vichekesho na hesabu vinapogombana kabisa.

Nyumba ya vyumba sita mara nyingi ina mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tanesco ina daraja la bei linaloitwa D1, la watumiaji wadogo wa majumbani: usipozidi uniti 75 kwa mwezi, kila uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ukizidi mara kwa mara unahamishiwa T1, na huko uniti ni shilingi 292. Chumba chenye taa mbili, redio, feni na chaja ya simu hakiwezi kufikisha uniti 75 hata feni ilale inazunguka. Lakini vyumba sita vikikusanyika kwenye mita moja, mita inaona mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Inamtoza kama mwenye friji mbili na pasi ya kila asubuhi. Familia sita, kila moja ikistahili bei nafuu, zinageuzwa kuwa tajiri mmoja asiyekuwepo.

Halafu ikaja kodi ya jengo. Kuanzia mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Mwenye jengo ndiye mlipaji kwa mujibu wa sheria. Anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo mpangaji akajikuta anachangia kodi ya nyumba ambayo hata msumari wa kutundika kalenda haruhusiwi kupigilia. Wenye nyumba waungwana huirudisha kwenye pango. Wengine ukiwauliza wanakujibu kwamba nawe si unakaa humo?

Ndani ya nyumba, sheria za umeme ni kali kuliko za nchi. Jagi la kuchemshia maji ni marufuku. Pasi ni kwa zamu, tena ya sare za shule tu. Mwenye friji hulipa zaidi, na kwa sababu hiyo anajiona ana hisa. Mita ikianza kulia ile milio yake ya kuishiwa, nyumba nzima inapatwa na uziwi. Hakuna anayeisikia. Giza linaingia, kila mtu chumbani kwake na tochi ya simu, akisubiri mwenzake ashindwe. Huu ni mchezo wa subira, na mabingwa wake ni wale wanaolala mapema. Nyumba inaweza kukaa usiku mzima hivyo. Lakini isiwe siku ya Simba na Yanga. Siku hiyo, dakika kumi kabla ya mpira kuanza, vijana wa chumba cha mbele wananunua umeme bila kumwomba mtu mchango, na korido nzima inawaka. Mama mmoja wa nyumba kama hiyo aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti, kwamba ligi ingechezwa kila siku wapangaji wasingekaa gizani. Yeye mwenyewe hana timu. Ana ratiba ya ligi tu, ameibandika nyuma ya mlango.

Turudi dukani, maana kuna jambo sijalisema. Mafuta ya 500 ni ya mwenye 500. Wengi wanaosimama pale jioni hawana hata hiyo, na hapo ndipo utani unapoacha kuwa mapambo ukaanza kazi yake.

Ukutani kwa Mangi kuna maandishi: LEO FEDHA, KESHO MKOPO. Chini yake pana karatasi nyingine inayokumbusha kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Na chini ya karatasi hiyo, juu ya meza, pana daftari la mikopo lenye kurasa zilizojaa. Majina yaliyomo hayafanani na ya kitambulisho cha Taifa: Mama wa chumba cha mwisho. Fundi geti jekundu. Jirani mrefu. Bodaboda kofia. Mama mapacha, mpya. Mama mapacha, wa zamani. Mangi anaandika anavyoona. Ili kulipa deni lako ni lazima kwanza ukubali kwamba wewe ndiye Jirani mrefu.

Sasa anafika mzee wa makamo, amevaa kanzu, anaweza kuwa baba mzazi wa Mangi.

"Mangi, shikamoo!"

Mangi anaweka chini kisu cha sabuni. "Marahaba, mzee wangu. Unataka kukopa nini?"

Benchi linaanguka kwa kicheko, na mzee anacheka kuliko wote. Katika sentensi mbili wamemaliza kazi ambayo ingechukua dakika kumi za aibu. Mzee amejishusha kwa kumwamkia kijana, Mangi ameonyesha kuwa ameelewa, waliokuwepo wameshuhudia, na hakuna aliyetamka neno sina. Mangi akitaka kukataa atakataa kwa utani uleule: "Shikamoo ya jana bado sijaimaliza, mzee." Mzee ataondoka akiwa bado mzee. Akitaka kukubali, ataandika kimya kimya. Kudai pia huenda kwa njia hiyo. Mangi hamwambii mdaiwa alipe. Anamwuliza mbele ya watu: "Fundi, hivi lile geti bado jekundu?" Fundi anaelewa, anajibu kwamba Ijumaa litapakwa rangi nyingine, na sote tunajua Ijumaa ni siku ya malipo.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema Waswahili wanacheka kwa sababu wamezoea shida. Mtu hazoei shida. Hapa kicheko ni chombo, kama kile kipimo cha mafuta: kinatumika kuomba, kukataa, kudai na kuahirisha, huku watu wakiendelea kuamkiana. Bila hicho, daftari la Mangi lingekuwa limeleta kesi kwa mwenyekiti wa mtaa kila wiki.

Chombo chenyewe ni cha zamani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, leo wanatukanana kwenye misiba na hakuna anayekasirika. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara kutoka bara walijenga utani na watu wa pwani waliowakuta njiani na mwisho wa safari. Mwanaanthropolojia wa Kiingereza, A. R. Radcliffe-Brown, aliandika mwaka 1940 kuhusu uhusiano wa namna hiyo: mmoja anaruhusiwa, na wakati mwingine analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake analazimika kutochukia. Nani asiyemjua mtani wa msibani? Anafika amevaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa akitembea, anaficha sufuria la wali, anaingia kaburini na kusema hatoki mpaka apewe chochote. Waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka na kamasi zao. Lakini mtazame tena mtani huyohuyo: ndiye anayechota maji, ndiye anayekata kuni, ndiye anayesimamia kupika. Anachukua kwa kelele na kutoa kwa siri. Benchi la Mangi limeazima sheria hiyo na kuiondolea kabila. Pale kila mtu ni mtani wa kila mtu, alimradi wote wameishiwa.

Wazazi wetu walifanya hivyohivyo na nchi nzima. Miaka ya uhaba, 1970 na 1980, unga wa mahindi ya njano ulipoletwa kutoka nje, watu waliupa jina la Yanga kwa sababu ya rangi, na mashabiki wa Simba wakalazimika kumla mpinzani wao asubuhi na jioni. Sabuni, sukari na kitenge vilikuwa vya foleni. Wasomaji wa gazeti la Uhuru wakati huo walikuwa na Chakubanga, yule mhusika wa katuni wa Christian Gregory, na wengi walianza kusoma gazeti la chama kwa kuanzia kwake. Sishangai. Habari ya kwamba sukari ipo waliisoma ukurasa wa mbele, na ukweli wakaukuta kwenye katuni.

Turudi mtaani. Kwa kuweka akiba, kuna mchezo. Wanawake kumi wanatoa shilingi 2,000 kila siku, kijumbe anakusanya, na kila siku mmoja anaondoka na fungu zima. Hakuna riba wala fomu. Benki ingeuliza dhamana, lakini dhamana ya mchezo ni kwamba mnachota maji kwenye bomba moja. Kijumbe ni mtu wa kuogopwa. Hupita saa mbili asubuhi kabla pesa haijapata kazi nyingine, na ukimwambia mtoto aseme hupo, atakaa kibarazani akusubiri urudi kutoka ndani. Aliyepokea mapema anatuhumiwa kila siku kwamba atahama. "Mwenzetu keshavuta, mtazameni viatu, vimeshaangalia stendi." Ni mzaha, na ni onyo, na yeye anajua ni vyote viwili. Anayepokea mwisho, kwa upande wake, ndiye pekee aliyeweka akiba kwa kweli. Wenzake tisa wamekopeshwa na hawajui.

Watu wa nje huona fujo katika mambo haya: deni kwa Mangi, mchezo kwa kijumbe, mia tano ndani ya kibubu, elfu tano aliyokopeshwa shemeji, salio kwenye simu. Kitabu cha mwaka 2009, Portfolios of the Poor, kilifuatilia kwa muda wa mwaka mzima pesa za familia za kipato cha chini za Bangladesh, India na Afrika Kusini, kila familia ikiwekewa kumbukumbu za kinachoingia na kinachotoka. Watafiti hawakukuta familia hata moja iliyokuwa inatumia chini ya njia nne za kuweka na kukopa. Anayepata mshahara mnono mwisho wa mwezi anaweza kuishi na akaunti moja. Anayepata 4,000 leo na sifuri kesho anahitaji kichwa cha mhasibu. Mama wa chumba cha mwisho hana hata kalamu. Yote yamo kichwani, na ukimwuliza Mangi anamdai kiasi gani, atakutajia mpaka hamsini, pamoja na kosa la kujumlisha alilofanya Mangi mwezi uliopita ambalo halisemi kwa sababu lilikuwa upande wake.

Michango ya harusi niiruke haraka. Inatosha kusema kwamba mtu anaweza kukaa bila simu wiki nzima, akisema imeharibika, na ikapona siku moja baada ya sherehe.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo utani unagonga ukuta. Miaka ya karibuni mitaani imejaa mikopo inayoitwa kausha damu. Unachukua laki mbili, marejesho ni kila wiki au kila siku, riba inatangulia, na siku ya kushindwa wanakuja vijana na bajaji. Wanabeba runinga, wanabeba subwoofer, wanabeba godoro. Hawa hawana benchi. Hawakai dukani, hawajui kwamba fundi ana mtoto anayeumwa, hawajali geti lina rangi gani. Ukiwaambia shikamoo wanaitikia na kuendelea kufungua waya wa runinga.

Mikopo ya simuni ndiyo mibaya zaidi. Unapakua programu, unabofya kukubali masharti usiyoyasoma, na kwa kubofya huko umeipa ruhusa ya kuona namba zote ulizohifadhi. Siku ukichelewa, ujumbe unaenda kwa bosi wako, kwa mkweo, kwa mwalimu wa mtoto, kwa ustadhi: huyu ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni na kuonya wananchi wasizitumie. Riba yao ilikuwa mbaya, lakini watu waliokumbwa hawaanzi kulalamikia riba. Wanaanza na mkwe. Mangi anaposema jambo mbele ya benchi, ameshapima nani amekaa hapo. Akimwona mkwe wa Fundi, anauliza habari za Simba. Programu haina macho ya namna hiyo. Inawaambia wote mara moja, neno lilelile, bila kicheko, na baada ya hapo hakuna sentensi inayoweza kurekebisha kitu. Nimewahi kumwona kijana wa bodaboda, mcheshi kuliko wote kijiweni, akikaa kimya siku kadhaa baada ya ujumbe kama huo kufika kwa baba yake mkubwa. Wenzake walimchokoza wee, wakachoka. Mwishowe wakamchangia.

Wanaowashinda kausha damu kwa mdomo ni wachache, na wote niliowasikia walishinda baadaye, deni likiwa limeshakwisha au mali ikiwa imeshakwenda. Mama mmoja muuza vitumbua, mwenye ulimi maarufu pale Tandale, alichukuliwa runinga yake asubuhi kweupe, majirani wakitazama. Vijana walivyokuwa wanaifunga kwenye bajaji yeye alikuwa ameketi mlangoni, mikono ndani ya kanga, hasemi kitu. Jioni kwa Mangi watu walimpisha kwenye benchi kama mfiwa, wakaanza kumpa pole. Akawaacha wamalize. Kisha akatoa mkono kwenye kanga, na mkononi alikuwa ameshika rimoti.

"Runinga wanayo wao," akasema. "Tuone nani atabadilisha chaneli. Mangi, nipimie ya mia tano, uandike."